Mashine ilinoki ziwani, nikafunga ya farasi 40

Mashine ya boti yangu, ya farasi 15, ilinoki nikitoka Ikombe kwenda Matema, boti imejaa vyungu vya akina mama wa Kikisi. Navuta kamba, haisogei hata inchi. Fundi alipofungua, pistoni ilikuwa imechubuka, imeganda ndani ya silinda. Kijana wangu alijaza petroli bila kuchanganya oili. Iliniuma sana.

Nikanunua ya farasi 40, iliyotumika. Kazi ilikuwa kuifunga: shafti yake, mguu unaoshuka majini, ni ya inchi 20, ya zamani ilikuwa 15. Ukiifunga hivyo hivyo pangaboi linazama mno, boti inaburuta maji. Tuliinua ubao wa tezi, ule wa nyuma unaobeba mashine, kwa mninga mkavu, tukaubana kwa boliti za kupenya, mpaka lile bati la juu ya pangaboi likalingana na chini ya boti. Imarisheni na mbavu za nyuma jamani, uzito umeongezeka, na Ziwa Nyasa likichafuka halina huruma.

Oili sasa napima mwenyewe: mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Saa 10 za mwanzo niliweka mara mbili, tena bila kuikimbiza. Jumamosi akina mama waliwahi soko la Lyulilo, hapo Matema, hakuna chungu kilichopasuka.