Orodha ya Kiingereza–Kiesperanto: jinsi nilivyoinyoosha
Orodha ya maneno ya Kiingereza na Kiesperanto (lugha iliyobuniwa), wanayotumia waongoza watalii wa Bagamoyo, ilikuwa inapotosha kwa sababu neno moja la Kiingereza lilipewa mstari mmoja. "Light" likatoka *lumo* kila mahali, hata kwenye mzigo mwepesi! Dawa ni kuweka safu ya maana kwa Kiswahili katikati, ndipo utafsiri: nuru ni *lumo*, -epesi ni *malpeza*, rangi iliyokolea kidogo ni *hela*. "Tide" nayo igawe: maji kujaa *fluso*, kupwa *malfluso*, maana *mal-* hugeuza neno kuwa kinyume chake.

Halafu kagua miisho. Nomino -o, kivumishi -a, kitenzi -i, kielezi -e. Kitenzi kikiishia -o, mstari huo umekosewa.

Herufi ĉ, ĝ, ĥ, ĵ, ŝ na ŭ zilikuwa zinatoka alama za kuuliza. Faili ihifadhiwe kwa UTF-8, yaani mfumo wa kuhifadhi maandishi unaobeba herufi za lugha nyingi. Kibodi ikikosa herufi hizo, andika cx, gx, hx, jx, sx, ux, kisha badilisha zote kwa mkupuo. Ila tenga kwanza majina ya watu na miji, la sivyo Bordeaux itageuka Bordeaŭ, na kosa hilo halionekani upesi.