Pini ya Chuma Ndani ya Mkono wa Kauri

Nilipokuwa najifunza ukarabati wa kauri huko Uingereza, ililetwa karakanani sanamu ya Derby, kiwanda cha kauri cha Uingereza, ile ya namba 196: wanawake wawili wenye mavazi ya Ugiriki ya kale wakimvisha Pan, mungu wa wachungaji, makoja ya maua. Chini ya kitako alama zote zilikuwepo, zimechorwa udongo ungali mbichi: taji, fimbo mbili zilizopishana zenye nukta sita, herufi D na namba ya kielelezo. Mwenye nayo alilalamikia doa la kahawia kwenye kifundo cha mkono wa mwanamke mmoja. Alidhani ni uchafu.

Sanamu hizi za mwisho wa karne ya 18 ziliachwa makusudi bila gilezi, yaani ule mpako wa kioo unaong'aa, zifanane na marumaru. Derby waliacha hivyo zile tu zilizotoka tanurini safi kabisa. Yenye dosari ilipakwa gilezi na rangi, kasoro ikafichika. Ndiyo maana nyeupe tupu iliuzwa ghali kuliko ya rangi, jambo ambalo wanunuzi wengi wa leo hulielewa kinyume. Ubaya wake kwa fundi ni kwamba hakuna ngozi ya kioo ya kuzuia kitu: mafuta ya vidole, gundi, kutu, vyote huingia.

Tulizima taa tukamulika kwa miali ya urujuanimno. Kifundo kiliwaka rangi ya chungwa, na sehemu mbili za koja vilevile. Hiyo ni shelaki, gundi ya mafundi wa zamani. Epoksi, gundi ya kisasa, ingeonyesha weupe wa kibuluu. Kwa hiyo doa halikuwa uchafu: mtu alitoboa mkono, akatia pini ya chuma, akaizungushia shelaki. Unyevu ulipofika chuma kikashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Ufa mwembamba ulikuwa tayari unapanda kuelekea kiwiko.

Shelaki huyeyuka kwa spiriti, lakini ukiipaka moja kwa moja, ile gundi iliyoyeyuka hunyweshwa ndani ya kauri na kuacha wekundu usiotoka. Tulianza kwa kulowesha eneo lote kwa maji yasiyo na madini, vitundu vya kauri vijae maji kwanza. Kisha pamba yenye spiriti juu ya maungio, ikafunikwa kwa karatasi ya alumini isikauke, ikabadilishwa kila ilipogeuka rangi. Mwalimu wetu alikataa katakata mtu kuujaribu mkono kwa kuupinda. Kiungo kilipoanza kulegea chenyewe tukadondoshea spiriti kwa sindano kandokando ya pini, hadi ikazunguka bila kulazimishwa.

Doa lililobaki tulilifunika kwa rojo lenye amonia sitreti, chumvi inayoondoa kutu, ya asilimia 2, tukasuuza mara nyingi. Jiki ya nyumbani haifai hapa: haiondoi kutu, na chumvi zake hubaki ndani, zikikauka zinaubabua uso. Wekundu kidogo ulisalia ndani ya tundu, tukauacha. Haukuonekana kwa nje, na kuendelea kuusugua ni kutafuta hasara.

Kuunganisha kulitaka hesabu. Koja lilishikwa pande mbili, mkononi na begani kwa Pan. Ukigundisha mkono kwanza, kipande cha koja hakiingii tena. Tulivipanga vyote vikavu, tukavipa namba kwa penseli kwenye utepe, wala si kwenye kauri, na tukaona lazima mkono na koja viingie pamoja. Kingo zilipakwa Paraloid B-72 nyepesi, utomvu wa akriliki wa mafundi ukarabati, asilimia 5 ndani ya asetoni, zisinywe gundi. Baadaye B-72 nzito ndiyo ikawa gundi yenyewe. Pini hatukurudisha. Sanamu ililazwa kwenye mchanga, ikainamishwa mpaka uzito wa mkono ukashuka wima juu ya kiungo.

Jani moja lililopotea lilijazwa kwa B-72 iliyochanganywa na unga wa vioo vidogo mno. Rangi ilitiwa ndani ya mchanganyiko. Kupaka juu huua ule ubaridi wa uso usiong'aa. Rangi nyeupe ya titani peke yake ni ya buluu mno kwa Derby, inahitaji chembe ya manjano ya udongo, na ipimwe kwa mwanga wa dirishani.

Mwenye sanamu aliporudi alikuta ufa mwingine ndani ya kitako akauliza mbona huo umesahauliwa. Kingo zake zilikuwa za mviringo na safi, tofauti na za kuvunjika, ambazo huwa kali. Huo ni ufa wa tanuri, udongo ulipasuka ukinywea, na ulikuwa hapo kabla sanamu haijatoka kiwandani. Mwalimu alimwelekeza aendelee kuinyanyua kwa kitako, mikono miwili, asiishike kamwe kwa makoja.