Mwenza wa akiba aliyelala siku laini ilipokatika

Mwaka 2003 nilikuwa fundi wa mtandao kwenye benki moja Dar es Salaam. Mashine kuu ilikuwa AS/400, kompyuta ya IBM, na matawini makeshia walitazama skrini za kijani zilizounganishwa na kontrola ya IBM 5494, kifaa kilichozipa mawasiliano na mashine kuu. Mawasiliano yao yalikuwa ya SNA, mfumo wa IBM wenyewe, ambao haujui IP (lugha ya mtandao wa kawaida) ni nini, kwa hiyo ruta za Cisco ziliyabeba ndani ya TCP, muunganisho unaopita juu ya IP, kwa njia iitwayo DLSw.

Tawi la Morogoro lilikuwa na njia mbili: laini ya kukodi iliyoishia kwenye ruta ya kwanza makao makuu, na satelaiti iliyotua kwenye ruta ya pili. Kwenye ruta ya tawi niliandika mwenza mkuu na mwenza wa akiba, yaani ruta za makao makuu za kuzungumza nazo kwa DLSw, ya kwanza kisha ya pili, nikajiona nimemaliza. Greda likaja kung'oa kebo. Tawi likakaa bila huduma asubuhi nzima, na satelaiti inapumua vizuri tu!

Kosa lilikuwa langu. Kitambulisho cha DLSw cha tawi nilikipa anwani ya kiolesura (mlango wa ruta) cha laini ileile iliyokatika. Laini ilipokufa, anwani ikafa nayo, na tawi halikuwa na jina la kujitambulisha kwa mwenza yeyote.

Nikahamishia kitambulisho kwenye lupubeki, yaani kiolesura cha ndani ya ruta kisichotegemea kebo yoyote, tawini na kwenye ruta zote mbili, nikazitangaza anwani hizo kwenye OSPF, ambayo ruta hutumia kuambiana njia zilizopo. Jumamosi mchana, kaunta zimefungwa, tukachomoa kebo ya laini. Pakiti zikazunguka kwa satelaiti na TCP ileile haikukatika. Kwa kuwa DLSw huijibu kontrola palepale tawini, kontrola haikushtuka. Skrini ziliganda kidogo zikaendelea. Mwenza wa akiba hata hakuamshwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba laini inalindwa na IP, na mwenza wa akiba kazi yake ni siku ruta ya kwanza inapokufa.

Basi tukaizima ruta ya kwanza. Kimya. Ruta ya pili ilimkataa mgeni: haikuwa na orodha ya matawi wala neno "promiscuous" la kuiruhusu kupokea mwenza isiyemjua. Nikaliongeza, akaunganishwa. Keshia aliyebaki kutusaidia alirudishwa kwenye skrini ya kuingilia. Hilo halina dawa, sesheni hazihami na mwenza.

Tulipoiwasha ya kwanza, simu ikalia.

"Kaka, mbona umenitoa tena?"

Nilikuwa nimenakili "linger 0" bila kufikiri, ambayo hukata kila kitu mara mwenza mkuu anaporudi. Ukiweka dakika, sesheni hukatwa zikiisha. Nikalifuta neno lote: sesheni za zamani zibaki kwa wa akiba hadi watu wenyewe watoke, mpya ziende kwa mkuu.

"Jaribu tena, dada." Nikazima, nikawasha. Safari hii alitolewa mara moja tu.