Mguu wa Kushoto wa Jimmy Smith

Jana usiku, baada ya mazoezi ya kwaya, nilitazama tena onyesho ambalo Jimmy Smith, mpiga kinanda wa jazz kutoka Marekani, alilifanya Paris mwaka 1969, na safari hii nikauacha uso wake na mkono wake wa kulia, nikaiangalia miguu. Jukwaani wamo watatu tu: yeye, mpiga gitaa na mpiga drumu. Mpiga besi hayupo, na wala humkumbuki.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba besi ile yote inatoka kwenye pedali, zile funguo za chini ya kinanda zinazopigwa kwa miguu. Kumbe mstari wa besi anautembeza kwa mkono wa kushoto, huku mguu wa kushoto ukigusagusa pedali kwa wepesi, mguso mfupi unaoipa noti kishindo chake cha mwanzo, kama uzi wa besi ya mbao unapovutwa na kuachiwa. Mguu wa kulia unabaki kwenye pedali ya kupandisha na kushusha sauti.

Smith, mzaliwa wa Norristown, Pennsylvania, alikuwa mpiga piano kabla ya kuhamia kwenye kinanda cha umeme cha Hammond miaka ya 1950. Mwenyewe alisimulia kwamba alikiweka kinanda chake katika ghala mjini Philadelphia na kubandika ukutani mchoro wa pedali, ili ajifunze bila kuinama kuangalia miguu. Mwaka 1956 Blue Note, kampuni ya santuri za jazz, wakatoa santuri yake ya kwanza, na mwaka uliofuata wakamrekodi mbele ya watu katika klabu ya Smalls' Paradise, mtaa wa Harlem, New York. Rekodi zake za miaka ya 1960 pamoja na bendi kubwa zilimwongezea umaarufu, ila mimi naona tarumbeta zile zinamziba.

Klabuni ndiko alikokuwa mwenyewe. Noti ya piano hufifia ukishaipiga. Ya kinanda haifi mpaka uinue kidole, na Smith aliijua siri hiyo vizuri mno: hushikilia noti moja ya juu, mzunguko baada ya mzunguko, vidole vingine vya mkono uleule vikiendelea kucheza chini yake, hadi wasikilizaji waanze kupiga kelele.

Leo asubuhi nami nikajaribu. Kinanda chetu cha kanisani hakina pedali, kwa hiyo nilibandika vikaratasi sakafuni kwa mpangilio wake, nikaanza polepole na wimbo ninaoujua kwa moyo. Mguu ulikataa katakata kuufuata mkono wa kushoto. Ukaambatana na mkono wa kulia, na baada ya dakika 10 hata mkono wa kushoto ukapotea njia. Mama anayefagia kanisa alisimama na ufagio wake, akaniangalia kwa huruma.

“Mwalimu, hivi vikaratasi ni vya mchezo wa watoto?”

Nikamwomba aviache hadi Jumamosi.