Mchanga wa pwani, Lindi

Lori lilishusha mchanga mweupe, laini, wenye vipande vya kombe. Nilitia chembe ulimini: chumvi. Nikasema huenda haufai kwa zege. Fundi mkuu, mzee wa Kilwa, akacheka. "Mwanangu injinia, msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani una karne ngapi? Mchanga walitoa wapi, Dodoma?"

Jibu sikulipata kwenye hesabu za boriti bali kwenye historia ya sekondari. "Mzee, wale walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani hamna nondo." Chumvi haikukuta chuma cha kula. Nondo zetu za milimita 16 zinalindwa na ualkali wa saruji. Kloridi, iliyomo ndani ya chumvi, huvunja kinga hiyo, kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege hupasuka kutoka ndani. Kikomo tulichofuata ni asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, yaani gramu 200 tu za kloridi kwa mfuko wa kilo 50, ukijumlisha mchanga, kokoto na maji. Na visima vya pwani navyo vina chumvi.

Ulimi si kipimo. Niliomba naitreti ya fedha, kemikali inayogeuza maji yenye kloridi kuwa meupe, kwenye maabara ya shule jirani, nikaloweka mchanga kwa maji yaliyokenekwa (ya bomba yana kloridi zake), nikatikisa, nikachuja. Kwanza matone ya asidi ya nitriki, la sivyo kabonati ya makombe inaweza kukudanganya. Kisha naitreti. Maji yakawa tui. Hilo husema chumvi ipo, halisemi kiasi; sampuli ikaenda kupimwa, ikarudi imevuka kikomo mbali.

Kusafisha kungewezekana, lakini maji ya boza yasiyo na chumvi yalizidi bei ya mchanga wenyewe. Tukaagiza wa mto Lukuledi, juu kabisa, kusikofika maji ya bahari hata yakijaa.

Zikabaki besi mbili za nguzo. Zilimwagwa kwa mchanga wa lori lililotangulia hilo, na aliyesaini daftari la saiti kwamba mchanga umekaguliwa ni mimi. Sikuwa nimeukagua. "Zishafukiwa," msimamizi akasema, "nani atajua?" Nikaandika chini ya saini yangu kosa lilivyokuwa, na tarehe. Kwa siku tatu vijana walivunja kwa nyundo, hawakunisalimia.

Mchanga uliobaki mzee aliomba apelekewe kwake. Alikuwa anajenga ukuta wa mawe na chokaa, bila nondo hata moja.