Umaskini Unaoingia kwa Mlango wa Hospitali

Kisumu, Jumapili jioni

Kazi ya kuhoji kaya ilinifundisha jambo ambalo baadaye nililikuta vitabuni, nalo limenikaa moyoni wiki hii yote: umaskini tunaoupima ni hali ya siku moja, ilhali umaskini ambao watu wa huku magharibi mwa Kenya huusimulia wenyewe una historia, una mwaka ulioanza, na mara nyingi sana mwaka huo ni ule ambao mtu wa nyumba hiyo aliugua.

Hesabu yenyewe naiheshimu. Katika utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16, Shirika la Kitaifa la Takwimu liliweka mstari wa umaskini, yaani kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini, kwenye shilingi 3,252 kwa mwezi kwa mtu mzima wa kijijini na shilingi 5,995 kwa wa mjini. Msingi wake ni kapu la chakula linalompa mtu mzima kilokalori 2,250 kwa siku, kisha huongezwa mahitaji mengine ya lazima. Mtoto aliye chini ya miaka mitano huhesabiwa kuwa 0.24 ya mtu mzima, na wa miaka 5 hadi 14 kuwa 0.65. Karani anayebisha hodi Seme au Nyakach, huku Kisumu, huuliza kila kilicholiwa katika siku saba zilizopita, kiwe kimenunuliwa, kimetoka shambani au kimetolewa na jirani, na gorogoro ya mahindi na fungu la omena lazima vigeuzwe kilo. Kwa jasho hilo ndipo nchi ilipojua kwamba asilimia 36.1 ya watu wake walikuwa chini ya mstari, ikilinganishwa na 46.6 mwaka 2005/06, na kwamba Kisumu ilikuwa na asilimia 33.9 huku Busia, ambako tunafika kwa matatu kabla ya adhuhuri, ikiwa na 69.3. Bila takwimu hizo pengo kati ya kaunti hizi mbili lingebaki kuwa maneno ya majukwaani.

Hata hivyo, idadi ya walio chini ya mstari haisemi wako chini kiasi gani. Mwanauchumi Amartya Sen alilieleza tatizo hili mwaka 1976: ukichukua kutoka kwa fukara wa mwisho ukampa aliyebakisha hatua moja avuke, idadi ya maskini itapungua, na ripoti itasomeka vizuri, ingawa aliyekuwa na hali mbaya zaidi sasa ana hali mbaya kuliko jana. Mwaka 1984 wachumi James Foster, Joel Greer na Erik Thorbecke walitoa fomula inayoupa uzito mkubwa zaidi umaskini wa aliye mbali na mstari, na leo hutumiwa karibu kila nchi inayopima umaskini. Data walizozitumia kuionyesha zilitoka Kenya, kwa familia za Nairobi. Nafurahi kila ninapolikumbuka hilo, kwa kuwa watu wetu wamechangia kuujenga ujuzi huu tangu mapema, wala si kuhesabiwa tu.

Lakini hata kipimo hicho hakingemjibu mama mmoja wa makamo niliyemhoji upande wa Nyakach. Alijibu fomu nzima kwa subira, akanikaribisha chai, halafu akaniuliza: "Mwanangu, umeniuliza tulikula nini Jumanne. Mbona hukuniuliza ng'ombe walienda wapi?" Ng'ombe walikuwa wameuzwa mmoja mmoja wakati wa matibabu ya mumewe, na wa mwisho alichinjwa kwenye matanga yake. Fomu yangu ilikuwa na mahali pa kuandika idadi ya mifugo waliopo, na hapo niliandika sifuri, sawa na sifuri ya jirani yake ambaye hakuwahi kumiliki hata mbuzi.

Baadaye nilisoma utafiti ulioniwekea swali lake katika umbo la takwimu. Anirudh Krishna na wenzake, wakiwemo watafiti wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI iliyoko Nairobi, waliketi na wanakijiji katika vijiji 20 vya Vihiga na Siaya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Hawakuja na mstari wa shilingi. Waliwauliza wanakijiji wenyewe familia inayojinasua hupata nini kwanza, kisha nini, na jibu likaanzia kwenye chakula na mavazi hadi paa la nyumba, shule ya msingi ya watoto na mifugo midogo. Kisha wakaifuatilia kila kaya miaka 25 nyuma, wakitumia kifo cha Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1978 kama alama ambayo kila mzee anaikumbuka. Walikuta kwamba asilimia 19 ya kaya zilikuwa zimetoka katika umaskini, na asilimia nyingine 19 zilikuwa zimeingia. Mtu anayetazama jumla peke yake angesema kwamba katika robo karne hakuna kilichobadilika.

Na mlango haukuwa mmoja. Waliotoka walitoka hasa kwa kazi ya mjini, biashara ndogo au kipato cha pili kando ya shamba, ilhali walioingia waliingizwa zaidi na maradhi, gharama za matibabu na gharama za mazishi. Hapa ndipo ninapoona umuhimu wote wa jambo hili, kwa sababu mradi unaomwinua mtu hauwezi kumzuia mwingine asianguke, na serikali inayosoma idadi ya mwisho tu haiwezi kujua ni kazi ipi kati ya hizo mbili iliyoishinda.

Kuna ugumu wa kitaalamu ambao si wa kubezwa. Kaya ikiuza ng'ombe ili ilipe hospitali, matumizi yake ya mwezi huo hupanda, na ukiyahesabu yote utasema imetajirika katika mwezi mbaya kuliko yote. Ndiyo maana wachumi wengi hushauri gharama za matibabu na sherehe za nadra ziondolewe kwenye jumla ya matumizi. Ushauri huo ni sahihi, ila baada ya kuufuata, ng'ombe ametoweka bomani na kwenye hesabu pia.

Wapo wanaosema dawa ni watu kuacha matanga makubwa. Sikubaliani nao kirahisi. Sen amefundisha kwamba ustawi ni yale ambayo mtu anaweza kuwa na kuyatenda, na kusimama mbele ya watu bila aibu ni mojawapo. Mjane anayemzika mumewe bila kuwalisha waliokuja kumlilia ana shilingi zaidi mfukoni, lakini sijui ni nani kijijini angethubutu kumwambia kwamba hali yake ni afadhali.

Haya yote yamekuwa ya dharura zaidi tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayosimamia bima ya afya ya umma, ilipoanza kazi. Wasio na mshahara hukadiriwa kipato kwa maswali kuhusu kaya, kama vile nyumba, maji na choo, kisha hutozwa asilimia 2.75 ya kipato kilichokadiriwa, bila kushuka chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kipimo cha umaskini sasa ni ankara. Nyumba ya mabati iliyojengwa enzi za mume mzima itamhesabia mjane uwezo ambao ulikwisha kuondoka, na bima hiyo ndiyo iliyokusudiwa kumlinda dhidi ya gharama zilizouondoa.

Ningeomba maswali mawili yaongezwe kwenye fomu zote mbili, ya takwimu na ya bima: katika miaka mitatu iliyopita, je, kaya hii iliuza ardhi, mifugo au chombo cha kazi ili kulipia ugonjwa au mazishi; na je, mtu aliyekuwa akiilisha amefariki au ameshindwa kufanya kazi? Anayejibu ndiyo akadiriwe upya mwezi huohuo, na karani arudi kwa kaya ileile baada ya mwaka, badala ya kwenda kubisha hodi kwa nyingine.