Kaa koko kwa tewa: nilivyompata mkubwa wa mkondo wa Tudor

Tewa, ambaye wengine humwita chewa, ndiye samaki niliyemjua kwa hadithi kabla sijamjua kwa mchuzi. Mwezi ukipatwa, wazee wetu wakisema umemezwa na chewa, na sisi watoto tukitolewa nje na madebe na masufuria tupige kelele: chewa, mwache mwezi! Hakuna aliyeuliza samaki amefikaje huko juu. Tulipiga, mwezi ukatemwa, hoja ikaisha.

Ukubwani ndipo nikajua kuwa samaki mwenyewe hahitaji kutiwa chumvi. Jamii kubwa kabisa ya tewa, ile ambayo wataalamu huiita Epinephelus lanceolatus, hufikia urefu wa mita 2.7 na uzito wa kilo 400. Ukiwaweka kando papa na taa, hakuna samaki wa kumzidi kwenye miamba ya matumbawe. Na linalotuhusu sisi watu wa Mombasa ni kwamba akiwa mchanga hupenda kuingia midomo ya mito na mikokoni, akae humo hadi mwili umtoshe kwenda kuishi nje. Mkono wa bahari wa Tudor ukiwa hai, basi tewa wanalelewa nyuma ya nyumba zetu.

Kwa miaka mingi haukuwa hai sana. Mto Kombeni na mto Tsalu hushuka kutoka vilima vya Rabai na upande wa Mariakani, na kila mvua kubwa huleta udongo wa mashamba. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi mno. Kule Mwache, upande wa Port Reitz, mizizi ilifukiwa na mikoko ikafa imesimama. Huku Tudor kulikuwa na shoka la boriti na kuni, na maji taka kutoka kisiwani na Mikindani. Pale Makupa, barabara ya kuingilia kisiwani ilipita juu ya tuta, kwa hivyo maji ya Tudor na maji ya Kilindini yalikuwa hayaonani. Ukitupa mshipi siku hizo ulikuwa ukivuta chuchunge mmoja kwa mifuko miwili ya plastiki.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Mifuko ilipigwa marufuku 2017. Mwaka uliofuata serikali ikasimamisha ukataji wa miti misituni. Vikundi vya vijana na kina mama vimepanda mikoko Jomvu, Mikindani na Junda, na mingi imeshika. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa likafunguliwa, tuta likaondolewa, na maji ya pande mbili yakapata njia. Maji taka ndiyo bado. Pita Mikindani maji yakiwa yamekupwa, pua itakueleza. Sisemi mkondo umepona. Nasema mizizi imerudi, na penye mizizi pana kaa.

Mimi si mvuvi wa riziki. Mkono wangu umezoea nyaya za magari huko Changamwe, na kuvua ni mapenzi tu. Mtumbwi ni wa mzee mmoja wa Jomvu Kuu, ambaye namwita Ami ingawa hatuna udugu wa damu. Yeye amevua mkondo huu tangu enzi za wavu wa pamba, na kwa muda mrefu alikuwa ananiambia kwamba kwenye mdomo wa kijito kimoja, upande wa mikoko, kuna tewa anayekata mishipi ya watu. Kila mvuvi wa pale anamjua. Kila mmoja amempa urefu wake pia, na urefu huo huongezeka baada ya sala ya Isha, vikombe vya kahawa vikizunguka barazani.

Niliyoyafanya mwanzo ni yale ambayo kila mtu hufanya. Nilitupa kimia, nikapata mkizi wachanga, nikawaweka hai kwenye jaba, nikawatia kwenye ndoana. Mkizi hai ni chambo kizuri, sina ugomvi naye. Alinipa kolekole, alinipa mzia wenye meno, alinipa kungu mwekundu mmoja ambaye nyumbani walimsifu wiki nzima. Tewa mkubwa hakugusa. Ngisi naye akaliwa na vidagaa kabla hajafika chini.

Aliyenifungua macho ni mchokoaji kaa. Hawa ni watu wanaoingia matopeni maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakikupwa, na fimbo yenye ncha ya chuma iliyopinda, wakichokoa shimo moja baada ya jingine kuwatoa kaa koko. Alituona tunasafisha tewa mdogo ufukweni, akainama, akatia kidole kwenye utumbo na kutoa kipande cha gando. Akasema kwa mkato: "Huyu ndiye anikuliaye mali yangu." Baadaye nilikuja kusoma kwamba huko Afrika Kusini, tewa wa aina hii walipopasuliwa kwenye midomo ya mito, chakula chao kikuu kilikutwa ni kaa koko huyu huyu. Mchokoaji wetu hakuhitaji kusoma.

Tatizo la kaa koko ni bei. Huyo ni kaa wa hoteli. Kumtia kwenye ndoana ni kuchukua chakula cha mgeni wa Nyali ukamtupie samaki ambaye huenda hayupo. Ami alicheka nilipomweleza, kisha akanyamaza, kisha akasema tununue wale waliovunjika gando, maana hoteli huwakataa. Hilo ndilo lililotuokoa. Kaa wa ukubwa wa kiganja, gando moja limekwenda, bei nusu. Lile jingine tulilivunja ncha ili asijishike mizizini, na ndoana tukaipitisha pembeni, kwenye kiungo cha mguu wa nyuma, ili aendelee kutembea.

Ndoana yenyewe ilikuwa ile ya mviringo, ambayo ncha yake imerudi ndani. Hiyo hushika pembe ya mdomo badala ya kuzama tumboni, na hakuna haja ya kuivuta kwa nguvu samaki akimeza. Ukiikaza taratibu inajishika yenyewe. Mshipi ulikuwa nailoni nene kuliko ninayotumia kwa kolekole, na mita chache za mwisho nene zaidi, kwa sababu meno ya tewa ni madogo na mengi, yanasugua. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, sikufunga. Nilifunga jiwe kwa uzi dhaifu wa kushonea: samaki akivuta, uzi unakatika, jiwe linabaki chini na huna kitu cha kunasa kwenye mizizi. Vidoleni nilivaa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli. Mshipi usiuzungushe mkononi hata siku moja. Jomvu kuna watu wenye vidole tisa ambao watakuonyesha kwa nini.

Sasa maji. Hapa ndipo wengi hupoteza usiku wao bure. Maji ya bamvua pale kwetu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, mkondo unakwenda mbio, matope yanatibuka, chambo hakikai. Maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, nayo hayaingii vya kutosha ndani ya mikoko, kaa hawatembei. Tulitaka ya katikati, mwezi ukiwa na siku nne au tano tangu kuandama, ambapo maji hujaa kama wakati wa Magharibi. Yakijaa, samaki wote wanaingia mizizini kula. Yakianza kukupwa, wadogo wanatoka kwa kupitia vijito, na mkubwa anajua. Anakaa mdomoni pa kijito, kwenye kina, akingoja. Saa moja na nusu ya mwanzo ya maji kukupwa ndiyo yetu. Na iwe kaskazi, kabla ya masika kuligeuza Kombeni kuwa chai ya maziwa.

Lakini chambo, ndoana na maji ni nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba tewa hakimbii mbali. Kolekole atakupeleka hadi katikati, ukimpa mshipi atachoka. Tewa anataka hatua tatu tu, aingie kwenye mizizi ya mkoko au chini ya gogo, atanue mashavu na mapezi, na hapo hata mje watano hamumtoi. Ndivyo alivyokuwa akikata mishipi ya watu: hakuwa akiivuta, alikuwa akiingia nayo nyumbani. Kwa hivyo swali lilikuwa namna ya kumtoa pale mdomoni kabla hajageuka.

Nguvu za mikono yangu hazikutosha, hilo nilijua. Nikamwambia Ami tutie nanga mbali, katikati ya mkondo, kisha tulegeze kamba mpaka mtumbwi ufike karibu na kijito. Mimi nishike mshipi, yeye ashike kamba ya nanga. Samaki akishika, mimi sivuti kabisa. Nakaza tu na kujizuia kwa miguu, na yeye anavuta kamba ya nanga kwa nguvu zake zote, mtumbwi unarudi kwenye kina na samaki anaburutwa nao. Ami aliiangalia kamba, akaniangalia mimi. "Basi mimi ndiye nitakayevua," akasema. Kweli kabisa.

Usiku ule mwezi ulikuwa mwembamba, umekwishaanza kuinama magharibi, na mbu walikuwa na njaa. Kaa wa kwanza aliliwa na kitu kidogo kidogo, akarudi gamba tupu. Wa pili alikaa muda mrefu. Nilikuwa nahisi anavyotembea, mshipi ukitekenya kidole, halafu akaacha kutembea. Ami husema kaa akinyamaza ghafla amemwona mwenyewe. Sikuhisi kuumwa kwa chambo wala kuvutwa. Nilihisi uzito, polepole, unaondoka kuelekea mikokoni.

"Ami, vuta!"

Akavuta. Mzee wa umri ule, akiguna, kamba ikirundikana miguuni pake, na mtumbwi ukaanza kwenda. Mshipi ulilia. Uzi wa jiwe ukakatika, nikausikia. Kwa muda samaki na mtumbwi walikuwa wakivutana mimi nikiwa katikati, mpira wa baiskeli ukipata moto vidoleni, na kwa kweli sikujua nani atashinda. Kisha kitu kikalegea kidogo, si kukatika, ila kugeuka. Alikuwa ametazamishwa kwetu. Ami hakuacha. "Usimpe, mwanangu, usimpe hata shubiri!"

Tulipofika juu ya nanga, kina kilikuwa safi, hakuna mzizi wala gogo. Hapo tewa huwa amekwisha nusu. Alizama mara kadhaa, kila mara akienda chini wima, na kila mara nilimrudisha dhiraa mbili tatu. Mwishowe akaja juu amefunua mdomo, na tochi ikamuonyesha: kichwa kipana, ngozi ya kijivu yenye mabaka, mapezi ya manjano yenye madoa meusi. Ami alinyamaza kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Huyu si nswi, huyu ni ndama." Hatukuthubutu kumpandisha kwenye mtumbwi mwembamba ule. Tulimpitisha kulabu kwenye mdomo wa chini, tukamfunga ubavuni, tukapiga kafi hadi Jomvu.

Mizani ilisema kilo 31. Urefu ulizidi mita kidogo. Hapo ndipo baraza lote likagawanyika: wengine wakasema huyu ndiye mkata mishipi, wengine wakasema huyu ni mtoto wake. Ukiangalia kwamba anaweza kufika kilo 400, wale wa pili wana hoja. Kichwa alikichukua Ami, ni haki yake, akakipika kwa nazi na ukwaju na kunialika. Mwili tuliuuza kwa shilingi 400 kilo, tukagawana sawa, na mchokoaji kaa tukamtolea lake.

Kijana mmoja wa kikundi cha kupanda mikoko alikuja asubuhi akamtazama samaki, akaniuliza kwa nini hatukumwachia. Hakuuliza kwa ubaya. Akanieleza kwamba tewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na wakikua baadhi hugeuka madume. Ukiwatoa wakubwa mfululizo, unabaki na majike wasio na waume, na wadogo hawazaliwi. Alisema pia kwamba aliyevuliwa kwenye maji mafupi kama yale, kwa ndoana ya pembe ya mdomo, huondoka salama akiachiwa haraka, tofauti na anayevutwa kutoka kina kirefu akafika juu amevimba. Nimelifikiri sana jambo hilo. Mkondo ndio kwanza unaanza kurudi, na sitaki kuwa mtu wa kuumaliza tena kwa mikono yangu. Nikamwambia Ami kwamba akija mwingine wa ukubwa ule, tumpige picha ubavuni mwa mtumbwi, tumpime kwa kamba, tumwachie aende zake.

Ami alikuwa akilamba kidole chenye mchuzi. "Sawa," akasema. "Ila usiku huo kamba ya nanga utaivuta mwenyewe."